Milimita 28 za Nani? Somo la Skeli kutoka kwa Askari wa Mezani

Ukienda sokoni kununua viatu vya mtumba utakuta kimoja kimeandikwa 42 na kingine kimeandikwa 8, na vyote vinakuenea. Halafu utakuta cha tatu, nacho ni 42, lakini kinakubana mpaka unachechemea. Hakuna aliyekudanganya hapo. Kila kiwanda kina kipimo chake, na namba iliyopigwa kwenye soli haikuambii imepimwa vipi. Sisi tumeshazoea: tunavaa, tunatembea hatua mbili, tunaamua.

Sasa fikiria bidhaa ambayo huwezi kuijaribu mguuni, unainunua kwa kuangalia namba tu, na namba hiyo ndiyo sababu kuu ya kuinunua. Bidhaa hiyo ipo. Ni vijisanamu vya askari vinavyotumika katika michezo ya vita ya mezani, mchezo wenye wapenzi wengi Uingereza, Marekani, Ufaransa na kwingineko. Kwenye pakiti imeandikwa milimita 28, au milimita 15, au 1/72. Mnunuzi anachukua pakiti mbili zenye namba ileile kutoka viwanda viwili, anawasimamisha askari wake kwenye meza, na anakuta mmoja anamfika mwenzake mabegani.

Nimelichagua jambo hili makusudi, ingawa najua wengi wetu hapa chuoni hatujawahi kuvishika vijisanamu hivyo. Sisi tunaosomea ualimu tutakwenda kufundisha uwiano, vipimo na ramani. Bado sijaona mfano unaoonyesha vizuri kuliko huu jinsi namba iliyoandikwa kwa uhakika kabisa inavyoweza kumpotosha mtu mwerevu. Basi twende taratibu, hatua kwa hatua.

Mchezo wenyewe

Mchezo wa vita wa mezani hurudia mapigano ya kweli ya kihistoria kwa kanuni, rula na dadu. Asili yake ni ya kijeshi. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme wa Prussia mchezo wa vita alioubuni, na mwaka 1824 mwanawe, afisa wa mizinga, alichapisha kanuni zake zilizoboreshwa. Mchezo wa mwana ulichezwa juu ya ramani ya skeli ya 1:8000. Hapakuwa na sanamu za watu. Palikuwa na vipande vidogo, na upana wa kila kipande ulilingana na nafasi ambayo kikosi kile kingechukua ardhini kwa skeli ya ramani. Yaani kipande na ramani vilizungumza lugha moja.

Baadaye mchezo ulitoka kwa maafisa ukaingia majumbani. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni kiitwacho Little Wars, akitumia askari wa kuchezea waliouzwa madukani na mizinga midogo inayofyatua kwelikweli. Tayari katika kitabu hicho Wells alishauri askari wote wawe wa saizi moja, na alieleza kwamba wale waliotoka nchi za nje hawakulingana. Kwa hiyo tatizo letu lina zaidi ya miaka mia moja, na halijaisha.

Namba mbili zinazochanganywa

Ugomvi wote unaanzia hapa, kwa hiyo tusimame kidogo. Kuna njia mbili za kutaja ukubwa wa kijisanamu.

Njia ya kwanza ni uwiano, kama 1/72. Maana yake ni kwamba kila milimita 1 ya sanamu inawakilisha milimita 72 za kitu halisi. Uwiano haujali unapima nini: bunduki, farasi, nyumba au mtu, vyote vinagawanywa kwa 72.

Njia ya pili ni kimo, kama milimita 28. Hiyo ni namba ya kitu kimoja tu, yaani askari aliyesimama. Haisemi chochote kuhusu nyumba wala gari. Ukitaka kujua gari liwe na ukubwa gani ili lifanane na askari huyo, inabidi kwanza umgeuze askari awe uwiano. Na ili umgeuze, lazima ukadirie mtu halisi anayewakilishwa ana urefu gani, na ujue ile milimita 28 imepimwa kutoka wapi hadi wapi.

Tuchukue mtu wa mita 1.75. Macho yake yako takriban sentimita 11 chini ya utosi, yaani kwenye mita 1.64 hivi. Tukimgawa kwa skeli zinazotumika sana tunapata hivi:

Kwa 1/56: utosini milimita 31.3, machoni milimita 29.3.
Kwa 1/72: utosini 24.3, machoni 22.8.
Kwa 1/76: utosini 23.0, machoni 21.6.
Kwa 1/87: utosini 20.1, machoni 18.9.
Kwa 1/100: utosini 17.5, machoni 16.4.
Kwa 1/300: utosini 5.8, machoni 5.5.

Hebu tazama mstari wa 1/100. Kuna mchezo maarufu wa Vita vya Pili vya Dunia, Flames of War, ambao vifaa vyake hutajwa kuwa vya milimita 15 na pia 1/100. Lakini kwa 1/100 mtu wetu ana milimita 17.5. Ukitaka awe na 15 kamili utosini, basi ni mtu wa mita 1.50. Ukipima hadi machoni, ni mtu wa mita 1.60 hivi. Namba mbili ziko pamoja kwenye maelezo ya bidhaa moja, na hazikubaliani mpaka umkubali askari mfupi.

Kutoka wapi hadi wapi?

Kwa kawaida mtu akiulizwa urefu wake anapimwa kutoka unyayoni hadi utosini. Kwa nini askari hawa wasipimwe hivyo? Sababu ni kofia. Askari wa zama za Napoleon alivaa kofia ndefu, wa zama za kati alivaa chapeo, na askari wa walinzi wa mfalme wa Uingereza huvaa kofia ya manyoya ya dubu yenye kimo cha sentimita 45 hivi. Kwa skeli ya 1/72 kofia hiyo peke yake ina zaidi ya milimita 6, yaani robo ya kimo cha mvaaji. Utosi hauonekani, na ukipima hadi ncha ya kofia umepima ufundi wa mshona kofia.

Ndiyo maana wachezaji wengi hupima kutoka unyayoni hadi kwenye jicho. Jicho linaonekana karibu kila mara. Upo hata mfumo unaojulikana kama mfumo wa Barrett ambao hupima hadi machoni kisha huongeza herufi ya kuonyesha unene wa umbo: L kwa mwembamba, M kwa wa kati, H kwa mnene. Ni wazo zuri, maana askari wawili wanaweza kulingana kimo lakini mmoja akawa na mabega ya beba-mizigo na mwingine akawa kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwisho wa semista, bumu limekata.

Lakini si viwanda vyote vinavyofuata njia ya macho. Vingine hupima hadi utosini, na vingine huhesabu pamoja na kibao chembamba ambacho askari ameumbwa akiwa amekisimamia. Tuone athari yake kwa namba ileile ya 28, kwa mtu yuleyule wa mita 1.75:

Ikiwa 28 ni hadi machoni, skeli yake ni takriban 1/59.
Ikiwa 28 ni hadi utosini, skeli ni 1/62.5.
Ikiwa 28 ni hadi utosini pamoja na kibao cha milimita 2, askari mwenyewe ana 26 tu, na skeli ni takriban 1/67.

Wakati huohuo magari ya vita yanayouzwa kwa ajili ya askari wa milimita 28 mara nyingi huwa ya 1/56, na kabla ya hapo wachezaji wengi walitumia ya 1/48 au 1/50. Gari lenye urefu wa mita 6 kwa 1/56 lina milimita 107. Kwa 1/67 lina milimita 90. Tofauti hiyo huhitaji rula kuiona. Dereva akisimama pembeni ya mlango unajua mara moja kuna kitu hakiko sawa.

Treni, inchi na urithi wa kubahatisha

Mtu anaweza kuuliza: hizi 72, 76 na 87 zimetoka wapi? Mbona hawakuchagua 1/50 au 1/100 zinazogawanyika kirahisi?

Jibu ni kwamba zilizaliwa katika vipimo vya Kiingereza. Skeli ya 1/72 maana yake ni inchi 1 kwa futi 6, kwa kuwa futi 6 ni inchi 72. Mtu wa futi 6 anakuwa na inchi moja kamili, yaani milimita 25.4. Kwa Mwingereza wa wakati ule hiyo ilikuwa hesabu nyepesi kuliko zote.

Skeli ya 1/76 na 1/87 zimetoka kwenye treni za kuchezea. Skeli ya treni iitwayo HO ni milimita 3.5 kwa futi moja, na hiyo inatupa 1/87. Ile iitwayo OO ni milimita 4 kwa futi moja, nayo inatupa 1/76. Cha kushangaza ni kwamba zote mbili hutembea kwenye reli ya upana uleule, milimita 16.5. Injini za Uingereza ni nyembamba kuliko za Ulaya bara, na mota za zamani hazikuingia ndani ya injini ya Kiingereza ya 1/87. Basi Waingereza wakakuza mwili wa treni, reli wakaiacha vilevile. Kumbe tofauti ya skeli ilitokana na ukubwa wa mota!

Mwaka 1959 kampuni ya Uingereza ya Airfix ilianza kutoa masanduku ya askari wadogo wa plastiki, ambao watoto wengi wa nchi ile walikua nao. Masanduku yale yaliandikwa HO-OO, kwa sababu walilengwa pia wenye treni. Rudi kwenye orodha yetu: HO inadai mtu wa milimita 20.1, OO inadai wa 23.0. Jina moja kwenye sanduku lilibeba tofauti ya karibu milimita 3, na baadaye kampuni ikahamia 1/72, ambapo mtu yuleyule ni 24.3. Juu ya yote hayo, wachezaji wengi waliwaita wote kwa jina moja tu: askari wa milimita 20.

Kwenye askari wadogo kabisa, wale wa milimita 6, hali ni hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Baadhi ya watengenezaji wa Uingereza hutumia 1/300, na kampuni ya Marekani ya GHQ hutumia 1/285. Tofauti ni kama asilimia 5. Kifaru chenye urefu wa mita 6 kina milimita 20 upande mmoja na milimita 21 upande wa pili. Hapo wengi hawalalamiki, na wana haki. Tofauti ya asilimia 5 kwenye kitu kidogo namna ile inapita machoni bila kugundulika.

Kwa nini vichwa ni vikubwa na bunduki ni nene

Mpaka hapa tumezungumzia kimo tu. Lakini hata askari wawili wanaolingana kimo hadi nukta ya milimita wanaweza wasifanane, kwa kuwa mchongaji hafuati uwiano kila mahali.

Mtutu wa bunduki ya zamani una unene wa nje wa sentimita 2 hadi 3. Tuseme 2.5. Kwa 1/72 hiyo ni milimita 0.35. Kwa 1/300 ni chini ya milimita 0.1, yaani wembamba wa karatasi ya fotokopi. Hakuna metali laini itakayovumilia kushikwa kwa vidole ikiwa nyembamba hivyo. Kwa hiyo mchongaji hana budi kuinenepesha. Akishanenepesha bunduki, mkono unaoishika lazima ukue. Mkono ukikua, kichwa kinaonekana kidogo, basi nacho kinakuzwa.

Kuna sababu nyingine ya kukuza kichwa. Mchezaji humtazama askari wake akiwa amesimama kando ya meza, umbali wa karibu mita moja. Uso wa uwiano halisi hauonekani kwa umbali huo, na ni mgumu kuupaka rangi. Kichwa cha mtu mzima huingia takriban mara saba na nusu katika kimo chake. Kwa baadhi ya vijisanamu huingia mara tano au sita tu. Wachezaji wana jina la mtindo huo: wa kishujaa. Viwanda vingine, kama Perry Miniatures ya Uingereza, hujulikana kwa kukaribia zaidi umbo la mtu wa kweli. Ukimweka askari wa kishujaa na askari mwembamba bega kwa bega, wote wakiwa milimita 28, jicho litakuambia mmoja ni mtu mzima na mwingine ni kijana wake.

Wanajiografia mliopo hapa msicheke sana. Nanyi mnafanya hivyohivyo. Kwenye ramani ya 1:50,000 tunayoitumia darasani, barabara iliyochorwa kwa upana wa nusu milimita ingekuwa na upana wa mita 25 ardhini. Barabara nyingi za vijijini hazina hata robo ya hapo. Mchora ramani ameinenepesha ili ionekane, kama mchongaji alivyoinenepesha bunduki. Na tufe la darasani lenye kipenyo cha sentimita 30 lina skeli ya karibu moja kwa milioni 42. Kilimanjaro, mita 5,895, ungekuwa kijiupele cha milimita 0.14. Ukiona tufe lenye milima unayoweza kuipapasa kwa kidole, jua limekuzwa kishujaa.

Kiwandani nako

Hata mchongaji akiwa mwaminifu, safari ya kiwandani inapunguza au kuongeza. Askari wa metali hutengenezwa kwa kumimina mchanganyiko wenye bati, na zamani wenye risasi nyingi, katika kalibu ya mpira inayozungushwa. Metali ikipoa husinyaa kidogo. Mara nyingi sanamu ya kwanza hutumika kutoa nakala, na nakala hizo ndizo zinazotengenezewa kalibu ya uzalishaji, hivyo kusinyaa hutokea mara mbili. Siku hizi wapo wanaochapa askari kwa printa za 3D, na hapo kubadili saizi ni kubonyeza asilimia. Ukitaka kumtoa askari wa 28 awe wa 15 unaweka asilimia 54 hivi. Shida ni kwamba kila kitu kinapungua pamoja: bunduki iliyokuwa na milimita 1 inabaki na nusu, na inavunjika.

Halafu kuna suala la saizi kupanda mwaka hadi mwaka. Miaka ya 1970 askari wengi wa aina hii waliitwa wa milimita 25. Leo warithi wao ni wa 28, na wapo wanaofika 30 bila jina kubadilika. Vivyo hivyo waliokuwa wa 15 wengi wamefika 18. Sababu moja ni kwamba askari mkubwa kidogo huvutia zaidi akiwa karibu na mdogo, na ana nafasi zaidi ya kuonyesha vifungo na mikanda. Sababu nyingine ni ya kibiashara: mteja ambaye askari wake hawaendani na wa kiwanda kingine atarudi kwako kununua wengine.

"Lakini watu hawalingani, ticha"

Nilipomweleza rafiki yangu wa uhandisi ninayekaa naye hosteli, alinikatisha. "Ticha, mbona unakuza? Watu halisi hawalingani. Panga foleni ya kafeteria uone."

Hoja yake ina uzito, na tuipime kwa namba. Chukua askari wawili wa kweli, mmoja mita 1.60 na mwingine mita 1.85. Kwa 1/72 wana milimita 22.2 na 25.7. Tofauti ni milimita 3.5, kubwa kuliko tofauti kati ya 1/72 na 1/76 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo askari mfupi na mrefu katika kikosi kimoja si kosa hata kidogo. Kinyume chake, kikosi ambacho wote wamelingana kama matofali ndicho kisicho cha kweli.

Ila hoja hiyo ina mpaka wake. Mtu mfupi hana kichwa kilichopungua kwa kiasi kilekile. Na muhimu zaidi, hapewi bunduki fupi. Bunduki ya Lee-Enfield waliyotumia askari wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa na urefu wa sentimita 113 kwa kila aliyeishika, awe mrefu au mfupi. Kwa 1/72 hiyo ni milimita 15.7, kwa 1/76 ni 14.9, na kwa 1/56 ni 20.2.

Hapo tunapata mbinu nzuri ya kupima: usimpime mtu, pima kitu ambacho kiwanda halisi kilikitengeneza kwa kipimo kimoja. Urefu wa bunduki na kipenyo cha gurudumu la mzinga vinakuambia skeli kwa uhakika kuliko kimo cha binadamu. Unene wa bunduki usiuamini, tumeshaona kwa nini. Urefu wake unaaminika zaidi.

Rafiki yangu naye akaniachia neno ambalo sikuwa nimelifikiria. Kwao uhandisi, alisema, kipimo kisicho na kiasi cha tofauti kinachoruhusiwa hakijakamilika. Ukiandika 28 uandike pia zaidi au pungufu ya ngapi. Kwenye pakiti za askari hawa kiasi hicho hakiandikwi.

Meza yenyewe haina skeli hiyo

Sasa tufike kwenye jambo linalowashangaza wengi. Meza ya kawaida ya mchezo huu ina kama mita 1.8 kwa 1.2. Kwa 1/72 meza hiyo inawakilisha eneo lenye urefu wa mita 130, yaani kiwanja cha mpira na ziada kidogo. Mapigano ya Waterloo ya tarehe 18 Juni 1815 yalikuwa na mstari wa kilomita 4 hadi 5. Kwa 1/72 ungehitaji meza ya mita 55 au zaidi.

Kwa hiyo wachezaji hutumia skeli nyingine kwa ardhi, mathalani milimita 1 kwa mita 1. Mara moja askari wa milimita 24 anakuwa jitu la mita 24 juu ya ramani, refu kuliko ghorofa nyingi za hosteli zetu. Hakuna anayejali, kwa sababu kanuni zinasema sanamu moja inasimama badala ya watu wengi. Hata mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 huchezwa namna hiyo. Jeshi la Waingereza kutoka India lililoteremka pale lilikuwa na watu kama 8,000, na mwanzoni walinzi wa Kijerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambao wengi walikuwa askari Waafrika, walikuwa kama 1,000. Sanamu moja ikiwa ni watu 20, unahitaji sanamu 400 upande mmoja na 50 upande wa pili. Meza inaonyesha kwa macho jambo ambalo kitabu kinalisema kwa sentensi moja: waliokuwa wachache mara nane ndio walioshinda.

Waandishi wa kanuni wamelielewa hilo. Kanuni za DBA za mwaka 1990 hazikujaribu kumsawazisha mtu. Zilisawazisha kibao ambacho askari hubandikwa: upana wa milimita 40 kwa askari wa 15, na milimita 60 kwa wa 25. Askari wako akiwa na 14 au 18, kibao ni kilekile, na mchezo unaendelea bila ugomvi. Ni busara. Walisawazisha kile ambacho mchezo unakihitaji, yaani nafasi ardhini, wakauacha urefu wa mtu uwe suala la jicho. Bila kelele wakamrudia von Reisswitz, aliyeanza na nafasi ya kikosi kabla ya sura ya mtu.

Tunachokwenda nacho darasani

Mwanafunzi wa sekondari akipewa swali la skeli hujibu kwa kuzidisha na kugawanya. Akipata jibu, anapigiwa tiki. Ni nadra kuulizwa namba aliyopewa imepimwa vipi. Matokeo yake tunazalisha watu wanaoweza kukokotoa kwa namba yoyote na hawawezi kuihoji. Mtu huyo akiwa mkubwa ataletewa takwimu, bajeti, hata matokeo ya vipimo vya hospitali, na atazichukua kama zilivyo.

Napendekeza kipindi kimoja kwa watakaokwenda mazoezi ya kufundisha. Kinahitaji udongo wa mfinyanzi, vijiti na rula tu. Dakika 80 zinatosha.

Waambie wanafunzi kila mmoja afinyange askari wa milimita 28 mwenye kofia na bunduki. Usiongeze neno. Mtu akiuliza "mwalimu, hadi wapi?", mjibu "milimita 28". Wakimaliza, wapange askari wote mstari mmoja juu ya meza. Watacheka wenyewe. Kisha waulize: nani amekosea? Waache wabishane. Mmoja atasema alipima hadi kofia, mwingine hadi kichwa, mwingine atakuwa ameanzia chini ya kibao. Watagundua kwamba kila mmoja ana jibu sahihi kwa swali lake.

Baada ya hapo wape maswali haya:

1. Namba imepimwa kutoka wapi hadi wapi?
2. Ni namba ya kitu kimoja, au ni uwiano wa vitu vyote?
3. Tofauti ya kiasi gani inaruhusiwa?
4. Inatumika kwa kazi gani, na kazi hiyo inahitaji nini kilingane?

Swali la nne ndilo la kukaziwa. Ukiwa unacheza kwa vibao, kimo si tatizo. Ukitaka dereva aingie kwenye gari, kimo ni tatizo kubwa. Usahihi hupimwa kwa kazi iliyopo.

Mwisho wa kipindi waache wanafunzi waandike wenyewe tafsiri ya "milimita 28" kwa sentensi moja ambayo darasa zima limeikubali, kisha wafinyange upya. Mstari wa pili wa askari hautalingana kikamilifu, udongo nao una tabia zake. Lakini utalingana zaidi ya wa kwanza, na wanafunzi watajua ni kwa nini.

Kwa msomaji wa nyumbani, zoezi: bunduki ya kijisanamu ina urefu wa milimita 18.8, na bunduki halisi ilikuwa na sentimita 113. Tafuta skeli. Kisha pakiti inasema askari huyo ni wa "milimita 28". Akiwa ni mtu wa mita 1.68 aliyepimwa hadi utosini, je, mtengenezaji amesema kweli? Fanya hesabu kwanza, halafu tukutane vimbwetani tubishane.